Mombo mpaka Magamba: Mlima haupendi wenye haraka

Vijana wa mjini tunajidai tunajua kuendesha. Tunajua kuchomoka kwenye mataa kabla wa nyuma hajapiga honi, tunajua kupenyeza gari kwenye foleni mpaka vioo vya pembeni vinakunjwa, tunajua kuegesha mahali ambapo hata mwenye bajaji angesita. Sawa, hongera zetu. Lakini mpenzi msomaji, hayo yote ni mambo ya tambarare. Kama hujawahi kupandisha gari mlimani, kona baada ya kona, miti imekuinamia juu ya paa na ukungu unabisha hodi kwenye kioo, basi utamu wa usukani bado umeusikia kwa jirani.

Juma hili safu yetu inatoka nje ya jiji. Inakwenda mkoa wa Tanga, wilaya ya Lushoto, kwenye barabara inayoanzia Mombo, inapita Soni, inafika Lushoto mjini na kuendelea mpaka ndani ya msitu wa Magamba. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 hivi. Najua kuna mtu ameshacheka: kilomita 33 nazo ni safari? Kwenye barabara kuu mtu anazimaliza kabla kaseti haijageuzwa upande wa pili. Ndiyo, ni safari, tena ni safari isiyokubali kufupishwa.

MOMBO: JASHO LA BURE

Ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera na Korogwe, zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Njia nzima mguu umezoea kukaa kwenye mafuta. Mkonge unapita dirishani kwa mistari, vijiji vinapita, mabasi yanapita. Baada ya Korogwe, upande wa kulia unaanza kuona ukuta. Ni milima ya Usambara, imesimama wima juu ya tambarare kama mtu aliyeamka vibaya na hataki salamu.

Mombo yenyewe ni mji wa kusimama. Mabasi yanaingia, abiria wanashuka kula, wengine wanakimbilia kuchimba dawa, wauza matunda wanazunguka madirisha. Na joto! Mombo iko kwenye mita mia nne na ushee tu juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya mlima, hivyo joto linatulia pale kama mgeni asiyejua kuaga. Unakunywa soda, unatoka jasho la soda hiyo hiyo.

Usiondoke Mombo kwa pupa. Ndipo mahali pa kuliangalia gari lako kwa macho ya mke mwenye wivu. Maji ya rejeta yapo? Tairi hazijawa kipara? Breki unazikanyaga zinashika juu, au pedali inazama mpaka chini ndipo ujue iko kitu? Honi inalia? Kama lolote kati ya hayo lina walakini, fundi wa Mombo ni rahisi kuliko fundi wa katikati ya kona, maana wa katikati ya kona hayupo.

Hapa pana historia yake. Mwaka 1905 reli iliyotoka Tanga ilifika Mombo. Ilikuwa bado haijafika Moshi, kazi iliyochukua miaka mingine sita au saba. Wajerumani waliotawala wakati ule walishuka kwenye treni hapa, wakatazama juu, wakaona ubaridi. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na magavana wao walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto la Dar es Salaam. Kwa hiyo wewe unayetaka kwenda kupunga upepo wa Usambara mwisho wa juma, mtindo hukuuanzisha wewe. Tofauti ni kwamba wewe unakwenda na mafuta ya kununua mwenyewe, na hakuna mtu wa kukubebea mzigo kichwani.

KONA HAZIHESABIKI

Unakata kulia, unaacha barabara kuu, na mara moja mambo yanabadilika. Barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba na imechongwa kwenye ubavu wa mlima. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, unaweza kuuona jasho lake. Upande wa pili ni bonde, na chini huko mto Soni unapiga kelele zake. Mita chache mbele huoni kitu, kwa sababu barabara imejikunja na kupotea nyuma ya jiwe.

Hapo ndipo starehe inapoanza. Gari la gia za mkono linataka namba mbili, mara moja moja namba tatu, kisha namba mbili tena. Kama gari lako ni otomatiki usiliachie lijifikirie lenyewe. Hizo alama za L na 2 ambazo tangu ununue gari hujawahi kuzigusa ziliwekwa kwa ajili ya siku kama hii. Injini inaunguruma kwa sauti nzito, siyo ile ya kulalamika, ni ya mtu anayefanya kazi. Unaisikiliza. Ukiizoea, inakwambia yenyewe lini ubadilishe gia, huna haja ya kutazama saa za mbele.

Kila kona isiyoonekana mbele, honi. Siyo honi ya matusi ya mjini, ni kama kupiga hodi: mimi nipo, nawe upo? Mara nyingine unajibiwa. Honi nyingine inalia nyuma ya mwamba, halafu linatokea fuso limejaa kabichi mpaka juu, linashuka taratibu, limechukua barabara karibu yote. Ukiwa ndiye unayeshuka, mpishe anayepanda, kwa sababu aliyesimama mlimani na mzigo kuondoka tena ni kazi. Lakini akili iko juu ya haki. Lori lililobeba tani za mboga likija chini, usianze kudai zamu yako kama uko kwenye foleni ya benki. Jibanze kando, lipite, dereva atakupungia mkono. Ule mkono una thamani kuliko zile taa tunazomulikana usoni barabara kuu.

Zima redio. Nasema kwa nia njema, hata kama umenunua spika za kutikisa mtaa. Shusha vioo vyote. Utasikia maji kabla ya kuyaona, yakitiririka kutoka juu na kupita chini ya barabara kwenye makalavati. Utasikia harufu ya udongo mbichi, majani, na moshi wa kuni kutoka nyumba zilizokaa ubavuni mwa mlima kama zimegandishwa kwa gundi. Masikio yataziba kidogo, meza mate yatazibuka. Na hewa inabadilika. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Mombo mpaka Lushoto unapanda kama mita 1,000 hizo hizo. Yaani jasho ulilotoka nalo chini linakaukia mgongoni kona ya tatu, na kona ya ishirini unaanza kuulizia sweta.

SONI: MAPOROMOKO NA NJIA PANDA

Kwenye Soni mto unaanguka juu ya mawe, na maporomoko yake unayaona kutoka barabarani. Simama, lakini simama mahali pa kusimama, siyo katikati ya kona ili upige picha. Shuka, nyoosha miguu. Utakuta vijana na akina mama wanauza matunda ambayo huko kwetu pwani hayaoti: plamsi, peasi, na pasheni tamu. Siku ya gulio watu wanashuka kutoka kila mlima na mizigo kichwani. Ukimkuta mzee, shikamoo yako itangulie. Ukitaka uchekewe zaidi, mwambie hongea, ndiyo asante ya Kisambaa. Bei nayo huwa inalegea kidogo.

Soni ni njia panda pia. Ukiacha njia ya Lushoto ukashika ya Bumbuli, unaingia milima mingine. Pande hizi ndiko iliko Vuga, makao ya zamani ya wafalme wa Wasambaa. Simulizi zinasema alikuwapo mwindaji aliyeitwa Mbegha, aliyetoka Nguu, akafika huku akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na watu wakamfanya mfalme wao. Kizazi chake, Wakilindi, ndicho kilichompata Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala mpaka alipofariki mwaka 1862 na ambaye sauti yake ilifika mpaka pwani. Wenye vyeo wa leo wanagawa fulana. Mwenzao aligawa nyama ya nguruwe na kuokoa mashamba.

Kutoka Soni unaendelea kupanda mpaka Lushoto mjini. Mji mdogo, mtulivu, majengo ya zamani yenye mapaa ya mteremko, miti mikubwa barabarani, watu wamevaa makoti saa nne asubuhi. Karibu kabisa na mji kuna Irente, ukingo wa mlima ambapo ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba unaitazama Tambarare yote ile uliyoikimbiza kwa mwendo wa spidi, na barabara kuu iko chini kama uzi. Yale mabasi makubwa yaliyokuwa yanakutisha yanaonekana kama kunguni. Ndipo unaelewa umepanda kiasi gani.

MAGAMBA: MSITU WENYEWE

Sasa niwe mkweli. Mpaka hapa umeona miti mingi, lakini mingi kati ya hiyo ni ya kupandwa: mikaratusi, migrivea, migomba, na mashamba yaliyopanda mpaka kileleni. Msitu wenyewe, ule wa asili, unaanzia juu zaidi. Toka Lushoto endelea kupanda kilomita chache kuelekea Magamba, na utajua umefika bila kuambiwa. Mwanga unapungua kana kwamba mtu amefunga pazia. Miti imekwenda juu mpaka unainamisha kichwa kwenye kioo cha mbele uone mwisho wake. Matawi yamevaa kuvu na ndevu za kijani. Feni, siyo zile za kupepea, yale majani kama manyoya, yamejaa ukingoni mwa barabara kwa kimo cha mtu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba ina zaidi ya hekta 9,000, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka mpaka Udzungwa. Misitu hii ni ya kale mno, imekaa mbali na misitu mingine kwa mamilioni ya miaka, ndiyo sababu ina mimea na wanyama ambao huwapati mahali pengine duniani. Ukienda taratibu utawaona mbega, weusi wenye joho jeupe na mkia mrefu, wakiruka kutoka mti hadi mti. Ukienda haraka utaona kitu cheusi kimepita, na nyumbani utasimulia uongo. Utasikia hondohondo akipiga mabawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Ukimkuta kinyonga anavuka barabara, naye ni raia, msubiri. Kwenye barabara hii yeye peke yake ndiye anayekwenda mwendo sahihi.

Kuna kisa cha ua moja ambacho nakipenda. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliokota huku Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, mabibi wanalimwagilia kwa kijiko. Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara mpaka kesho. Kijana wa Kitanzania anamnunulia mchumba wake ua la plastiki Kariakoo, wakati kwao ndiko maua yanakotoka.

MSITU NDIO UNAOISHIKA BARABARA

Huenda unasema, sawa, msitu ni mzuri, mimi nilikuja kuendesha. Mshikaji, hayo mawili ni kitu kimoja.

Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unagonga milima hii, unapanda, unapoa, unakuwa mvua na ukungu. Majani ya msitu yanaukamata ule ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone. Mizizi inashika udongo, udongo unashika maji, na maji yanatoka polepole mwaka mzima. Mto Soni unaousikia bondeni ndio unaonywesha mashamba ya mpunga ya Mombo. Unaungana na Mkomazi, nao unaingia Pangani, na mto Pangani ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya Pangani mpya iliyofunguliwa mwaka 1995. Kwa hiyo taa ya sebuleni kwako huenda ilianza safari yake kama ukungu kwenye jani la Magamba.

Sasa uondoe msitu. Mvua ni ile ile, lakini hakuna wa kuipokea. Inashuka kwa mkupuo, inabeba udongo, udongo unabeba mawe, na vyote vinatafuta mahali pa kupumzika. Mahali penyewe ni barabara iliyochongwa ubavuni. Mvua kubwa zikipiga, udongo huporomoka, barabara hufungwa, na kabichi za mkulima zinaozea mlimani huku wewe Dar ukilalamika bei imepanda. Mgonjwa anayepelekwa hospitali naye anasubiri kifusi kiondolewe.

Watu wa huku wanalijua hilo kuliko sisi wapita njia. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko. Dawa ilikuwa na mantiki yake, lakini ilitolewa kwa amri na faini, watu wakaikataa mpaka mpango ukafa. Mwaka 1981 ukaanzishwa mradi mwingine wa kuhifadhi udongo Lushoto, kwa msaada wa Ujerumani, safari hii wa kupanda miti na majani ya mifugo kwenye kontua za mashamba. Fundisho ni lile lile la barabarani: mlima hauendeshwi kwa mabavu.

KUSHUKA NDIKO KWENYE MTIHANI

Kupanda kila mtu anaweza, gari likichoka litasimama lenyewe. Kushuka ndiko kunakotenganisha dereva na mwenye leseni. Mita 1,000 ulizopanda sasa zinakusukuma mgongoni. Ukishuka ukiwa umekanyaga breki muda wote, zinapata moto. Kwanza unasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha mafuta ya breki yanaweza kuchemka, pedali inakuwa laini kama godoro, na hapo dua zote unazijua.

Kanuni ni rahisi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Acha injini ilizuie gari, breki iguse kidogo kisha achia, iguse tena kisha achia. Usiweke gia huru eti unabana mafuta. Lita unayookoa itakuja kuchangiwa na ndugu zako kwenye daftari la rambirambi. Ukisikia harufu, tafuta mahali pa wazi, simama, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, acha vyuma vipoe. Wakati huo tazama bonde, ndicho ulichofuata. Usiovateki kwenye kona hata kama aliye mbele anatambaa. Usiku na ukungu, kama huna ulazima, lala. Pombe iache kabisa mpaka ufungue mlango wa gesti.

Usisahau kwamba huko barabarani kuna wenyewe. Wanafunzi wanatembea pembeni asubuhi na jioni, akina mama wana mizigo ya kuni, bodaboda wamepakia magunia. Wao hawakuja kustarehe, hiyo ndiyo njia yao ya shule, soko na hospitali. Sisi tunapita siku mbili, wao wanabaki na alama za tairi zetu.

Kama unataka kwenda, epuka masika, Machi mpaka Mei, udongo unapokuwa na hasira. Juni na Julai kuna baridi kali lakini hewa ni safi. Beba sweta, mafuta ya kutosha, tairi la akiba lenye upepo, na rafiki asiyepiga kelele kila kona. Mwenye muda anaweza kuendelea kupita Magamba mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Usambara, ambako kukiwa kweupe unaitazama nyika ya Mkomazi ikienda mpaka macho yanachoka.

Asiye na gari asinune. Mabasi madogo yanapanda kutoka Mombo, na kiti cha dirishani kina faida moja ambayo dereva hana: unaweza kutazama bonde mpaka chini bila mtu kukufokea. Nauli lipa, dirisha shusha, na ukisikia honi nyuma ya mwamba ujue ni mtu anabisha hodi.

Tukutane juma lijalo, inshallah, breki zikiwa nzima.